Aliyeandikwa Hai: Kisa cha Mgonjwa wa Mstari wa 47

Katika jedwali letu la utafiti alikuwa mstari wa 47. Mwanamke, miaka 24, vali ya mitra (mojawapo ya milango ya damu ndani ya moyo) imetolewa na kuwekwa ya chuma, amelazwa siku 9, ameruhusiwa kwenda nyumbani akitembea mwenyewe. Safu ya mwisho ilikuwa na neno moja: hai. Neno hilo nililiandika mimi, kwa sababu siku ya 41 alikuja kliniki, akatolewa damu, akacheka na wenzake kwenye benchi, akaenda zake. Hatukumwona tena.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya utafiti na daktari mmoja wa upasuaji wa moyo hapa Nairobi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mambo ambayo yangemtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha. Nimeona niandike kisa hiki chote kwa sababu kiligeuza utafiti wa Daktari, na kwa sababu wauguzi na madaktari vijana wanaoingia katika kazi hii watakutana na mstari kama huu katika majedwali yao.

Daktari alianzia utafiti ndani ya thieta na kwa muda mrefu hakutoka humo. Makala zake za mwanzo zilihusu dawa ya kuusimamisha moyo wakati wa upasuaji. Alilinganisha dawa ya kawaida, ambayo hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi, na mchanganyiko wa del Nido uliobuniwa Pittsburgh kwa ajili ya watoto, ambao dozi moja humpa mpasuaji takriban saa moja na nusu. Hapa kwetu, ambapo kila kifaa cha mashine ya moyo na mapafu kinaagizwa kutoka nje, hilo lilikuwa swali la maana. Baadaye akageukia vali, kwa kuwa ndizo zinazoijaza orodha yetu ya kungoja.

Wagonjwa wetu wa vali ni vijana. Mtoto anaumwa koo, bakteria wa streptokoka hawatibiwi kwa penisilini, na kinga ya mwili inapopigana nao inashambulia moyo pia: ndiyo homa ya baridi yabisi. Maumivu ya koo yanasahaulika. Baada ya miaka, msichana anashindwa kupanda ngazi za shule, na akipigwa eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonekana vali ya mitra imekakamaa na kushikana kingo. Utafiti wa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu wa moyo katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemeni, ulikuta umri wa kati ni miaka 28 na kwamba wawili katika kila watatu ni wanawake. Mgonjwa wa mstari wa 47 angeweza kuchorwa kutokana na takwimu hizo.

Daktari aliandika makala kuhusu wagonjwa wake wote waliobadilishiwa vali ya mitra. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa vichache kuliko nilivyotarajia, na alikuwa na haki ya kujivunia, maana kila mmoja wao alimfungua kifua kwa mikono yake. Upasuaji wa moyo umezoea kujipima hivyo. Hata EuroSCORE II, kikokotoo cha hatari ambacho wapasuaji wengi hukitumia tangu 2012, kinakadiria uwezekano wa mgonjwa kufia hospitalini. Hakikuulizi yaliyompata baada ya kupita getini.

Mmoja wa wapitiaji wa jarida aliuliza. Alitaka grafu ya kunusurika kwa miaka mitatu, na alitaka kujua ni wangapi wamefuatiliwa hadi mwisho.

Grafu hiyo huchorwa kwa njia ya Kaplan na Meier, iliyotolewa 1958, na uzuri wake ni kwamba humtumia hata mgonjwa aliyepotea. Mtu akionekana mara ya mwisho siku ya 41, anahesabiwa hai hadi siku hiyo, kisha anaondolewa katika hesabu bila kuitwa maiti wala mzima. Lakini kuna sharti linalopitwa haraka sana darasani: waliopotea wawe wanafanana na waliobaki. Mwalimu akitoa wastani wa darasa kwa waliofanya mtihani tu, akadhani wasiokuwepo wangepata vivyo hivyo, atakosea pale ambapo wasiokuwepo ni wale waliofukuzwa kwa karo. Hesabu yake itakuwa sahihi hadi nukta ya mwisho na darasa litakuwa limefeli.

Basi nikapewa simu na orodha.

Kuwapigia wagonjwa waliopotea ni kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Laini nyingi zilikuwa hazipatikani. Nyingine zilishapewa watu wengine, na kijana mmoja wa bodaboda aliniambia kwa upole kwamba mimi ni wa tatu kumuulizia huyo mama. Akipokea mume au shemeji, ulimi unakuwa mzito, kwa sababu huenda mgonjwa hakuwaambia wakwe kuhusu kovu la kifuani. Siwezi kusema napiga kutoka kliniki ya moyo. Nilikuwa nikisema jina langu, naomba kuongea na fulani, basi. Wengine walinidhania mtu wa mikopo wakakata simu.

Namba ya mstari wa 47 ilipokelewa na mwanamke mtu mzima.

“Naomba kuongea na mwenye laini, mama.”

“Mwenye laini ni mimi sasa. Unamtaka nani?”

Nikataja jina la kwanza. Akanyamaza, kisha akauliza kama mimi ni wa hospitali. Nilipojibu ndiyo, akasema: “Huyo tulimzika mwezi wa nane, sista. Mbona hamkujua?”

Nilimpa pole, nikamuuliza kama naweza kupiga tena siku nyingine, akakubali. Nikaenda kwa Daktari. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Tarehe ngapi, sista?” Niliudhika. Niliona amemrukia mtu na kwenda kwenye jedwali. Lakini nilipotaja mwezi, alihesabu kwa vidole kutoka siku ya upasuaji, akarudia kuhesabu, akasema ilikuwa mwezi wa saba tangu amfanyie, na kwamba alikuwa amemtaja wiki iliyotangulia mbele ya wanafunzi kama mfano wa kazi iliyofanikiwa. Alitaka tarehe ili ajue kama alikuwa tayari amekufa alipokuwa akimsifu. Alikuwa amekufa.

Uchambuzi wa kisa hiki unaanzia hapa, kwa sababu sasa tulilazimika kuamua. Njia ya kwanza ilikuwa kuuacha mstari ulivyo, hai hadi siku ya 41, kwa hoja kwamba tarehe ya kufunga takwimu ilishapita. Kanuni tulizojiwekea zingeturuhusu. Nashukuru hakuna aliyeitetea kwa zaidi ya dakika mbili.

Njia ya pili ilivutia zaidi, na ndiyo niliyoitaka mimi: tuandike kifo chake, tuendelee. Mtakwimu wetu alinionyesha kasoro yake. Tukiandika vifo tulivyovisikia kwa bahati ya simu kupokelewa, tunawahesabu wafu wenye mama anayebaki na laini ya marehemu, na wafu wasio na mtu wa namna hiyo wanabaki hai katika jedwali letu. Grafu ingeonekana kusahihishwa na bado ingekuwa ya uongo, na uongo wa namna hiyo ni mgumu kuugundua. Njia ya tatu ilikuwa kuwahesabu wote waliopotea kuwa wamekufa. Hiyo nayo ingewadhulumu walio hai. Wapo waliohamia Mombasa au Kisumu na kupimwa damu huko, na wapo waliochoka na sisi tu.

Njia ya nne ilitoka nje ya upasuaji kabisa. Watafiti wa virusi vya ukimwi walikuwa wamepambana na tatizo hili miaka mingi kabla yetu. Katika mradi wa AMPATH huko Eldoret na magharibi mwa Kenya, na vilevile Mbarara nchini Uganda, walichapisha tangu 2008 namna ya kulishughulikia: chukua sehemu ya waliopotea kwa bahati nasibu, watafute hao wachache kwa nguvu zako zote, hadi mlangoni, kisha matokeo yao uyapanue yawawakilishe wote waliopotea. Unatumia fedha kidogo na unapata ukweli mwingi. Jambo hili linanisikitisha hadi leo. Elimu hiyo ilikuwa hapahapa nchini, katika majengo ya ghorofa moja ambako wenzetu wa afya ya jamii wanafanya kazi, na sisi wa moyo hatukuwa tukisoma majarida yao.

Ilitubidi turudi kwenye kamati ya maadili, kwani ridhaa waliyosaini wagonjwa ilitaja simu na si kuwatembelea nyumbani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiachi nafasi ya kujipa ruhusa. Kibali kilichukua miezi. Daktari aliumia kwa kungoja. Mimi niliiunga mkono kamati, na bado naiunga. Gari la hospitali likisimama mbele ya ploti, majirani wanajua kabla ya mwenye nyumba. Tulikubaliana kwenda kwa matatu na kwa miguu, bila koti jeupe, watu wawili tu.

Mstari wa 47 haukuangukia katika bahati nasibu, maana habari zake tulishazijua. Lakini mama yake alisema anataka tuje, na kamati ikaruhusu. Alikuwa Kayole. Msichana alikuwa amekufa Kayole, matatu mbili kutoka kitanda tulichomlaza. Hili lilinipiga kuliko yote. Nilikuwa nimejijengea picha ya kijiji cha mbali, barabara mbovu, mto uliofurika.

Mama ana kibanda cha mboga. Alitukaribisha chai ndani, akasimulia bila kuulizwa sana. Baada ya upasuaji binti alipata nguvu ambazo hakuwahi kuwa nazo tangu akiwa darasa la tano. Alipata mchumba, akaenda kuishi naye upande wa Mwingi. Kule kupima damu kila mwezi kulimaanisha basi la kuja Nairobi, nauli ya kwenda na kurudi, na siku mbili. Aliruka mwezi mmoja, akaona hajadhurika, akaruka wa pili. Kisha akapata mimba, na alipokwenda kliniki ya wajawazito akaonyesha vidonge vyake, akaambiwa warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kugandia kwenye vali, inadhuru mtoto. Akaacha siku hiyohiyo.

Alichoambiwa ni kweli, na ndiyo sababu sehemu hii ya kisa ni ngumu. Warfarini inaweza kuharibu mimba, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya sentensi: kwamba mwenye vali ya chuma hawezi kukaa bila dawa ya kuzuia damu kuganda, kwamba kuna sindano za heparini za kushika nafasi yake chini ya uangalizi wa karibu, kwamba pengine kama dozi yake ni ndogo inazungumzika kuendelea nayo, na kwamba kila njia katika hizo ina hatari zake ambazo mama na madaktari wake wanapaswa kuzipima pamoja mapema. Nusu hiyo ilikuwa kazi yetu kabla hajatoka wodini. Katika faili lake kuna karatasi inayoonyesha alielezwa kuhusu mboga za majani. Hakuna inayoonyesha alielezwa kuhusu mimba. Katika REMEDY, kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa ni asilimia 3.6 tu waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango. Kwa hiyo kimya hiki si cha wodi yetu peke yake.

Na hata hilo la mboga lilifika vibaya. “Niliambiwa asiguse sukuma,” mama alisema. “Na mimi nauza sukuma.” Vitamini K iliyomo katika sukuma wiki, kunde na managu huipunguza nguvu warfarini, lakini mgonjwa akila kiasi kilekile wiki hadi wiki, dozi hupangwa kwa kukifuata. Tulimnyima msichana chakula cha nyumbani kwao bila sababu.

Julai alirudi kwa mama yake ajifungulie Nairobi. Agosti akaanza kubanwa pumzi. Kliniki ya mtaani ilimpa dawa za nimonia, na sioni namna ya kuwalaumu: kijana mjamzito, kikohozi, pumzi fupi, baridi ya Agosti. Hakuweza tena kulala chali, akawa analala ameketi. Alifariki alfajiri ya siku ya nne, na mtoto tumboni.

Nilipokuwa nafunga daftari mama akasema neno ambalo sikuwa nimeuliza. “Usiku tulikuwa tukiisikia ile yake. Tik, tik, kama saa ya ukutani. Ile wiki ilinyamaza.”

Vali ya chuma, ambayo visahani vyake hasa ni vya kaboni ngumu, hutoa mlio ikifunga, na katika chumba tulivu mtu wa pembeni anaweza kuusikia. Mlio ukififia, damu imegandia kwenye visahani na havifungi tena sawasawa. Ni dharura. Kwa siku zile nne kulikuwa na tiba: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda au kurudishwa thieta. Nilipomsimulia Daktari alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Mama aliisikia kabla ya eko yoyote, sista. Hakuna aliyemwambia kwamba mlio ule ni kipimo.”

Mama alituonyesha pia kitabu kidogo cha INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa siku ya 41, kwa mwandiko wangu: 2.7. Kwa vali ya mitra ya chuma tunataka iwe kati ya 2.5 na 3.5. Siku tuliyomwona mara ya mwisho alikuwa sawasawa kabisa.

Watu huuliza kwa nini hatuwapi wagonjwa hawa dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu. Zilijaribiwa. Utafiti wa dabigatrani kwa wenye vali za chuma ulisimamishwa kabla ya wakati na kuchapishwa 2013, kwa sababu waliopewa dawa mpya waliganda damu na kutokwa damu zaidi. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24 kwa watu zaidi ya 4,500 wenye moyo uliopigwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo tumebaki na dawa ya zamani na kipimo chake, na swali la nauli.

Grafu mpya ilishuka. Mwandishi mwenza mmoja, mwenye jina kubwa kuliko letu sote, alipendekeza tuiondoe na kuchapisha siku 30 peke yake, zilizokuwa za kweli na za kupendeza. Daktari alikataa. Aliweka pia kipimo cha ukamilifu wa ufuatiliaji cha Clark na wenzake, kilichopendekezwa katika Lancet 2002, ambacho hugawanya muda uliofuatiliwa kwa muda uliopaswa kufuatiliwa. Kila msomaji aliweza kuona ni kiasi gani hatukujua. Makala ilitoka katika jarida dogo kuliko lile la kwanza. REMEDY wenyewe, wakiwa na timu katika kila kituo, walijua hali ya wagonjwa 2,960 baada ya miaka miwili, na 500 kati yao walikuwa wamekufa. Hali ya wengine zaidi ya 380 haikujulikana. Naitaja kwa heshima, maana waliiandika wazi.

Tangu hapo utafiti wa Daktari umetoka thieta. Anafanya kazi na daktari wa moyo wa kliniki ambaye zamani walisalimiana korido tu. Mmoja alikuwa na thieta, mwingine ana eko na vidonge, na warfarini ilikuwa haina mwenyewe. Wanachunguza mashine ndogo za kupima INR kwa tone la damu la kidole, zikae katika vituo vya afya vya kaunti. Na kabla ya upasuaji kila mwanamke kijana anaulizwa anatarajia kuishi wapi na kama anataka watoto, ndipo wachague kati ya kuirekebisha vali yake mwenyewe, ikiwezekana, kuweka ya chuma, au kuweka ya mnyama, ambayo haihitaji warfarini ya maisha lakini kwa kijana huchakaa mapema na kumrudisha mezani.

Swali hilo la unaishi wapi nalitetea, na pia linanitia hofu. Siku moja mtu mwenye haraka atalitumia kuwachuja wanaotoka mbali, aseme hawa hawataweza kufuatilia, ili takwimu zake zibaki nzuri. Nimeomba liandikwe katika mwongozo wa wodi kwamba jibu lake linachagua aina ya vali na mpango wa dawa, halichagui nani afanyiwe. Bado halijaandikwa.

Jedwali nililirekebisha mwenyewe. Kanuni za kuripoti matokeo ya vali, toleo la 2008, zinataka kifo cha ghafla kisichoelezeka kihesabiwe kuwa kimetokana na vali. Hiki chetu kilikuwa na maelezo, ila hayakutoka kwa patholojia wala kwa eko. Tulijadiliana na mtakwimu namna ya kuijaza safu ya ushahidi, kwa kuwa orodha ya machaguo haikuwa na inayofaa. Mwishowe tuliongeza chaguo jipya. Mstari wa 47 sasa unasomeka: amefariki, Agosti, vali kugandiwa na damu, chanzo cha habari, mama mzazi, alisikia mlio umenyamaza.